Mdogo wangu, mtoe mama nyuma ya mlango

Mdogo wangu,

Simu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, basi naandika huku, hata majirani wakisoma poa tu.

Jumamosi nilirudi makumbusho ya sanaa hapa Boston, kwenye ile picha niliyokurushia ukajibu "panya kafungwa mnyororo". Si panya, ni kindi. Na yule mtoto ni Henry Pelham, aliyemchora ni kaka yake wa mama mmoja, John Singleton Copley, mwaka 1765, kisha akaipeleka London wakubwa wa kule waione, wakaisifu. 1774 kaka mtu akapanda meli, hakurudi Boston mpaka anakufa 1815. Mama yao, aliyewahi kuuza tumbaku bandarini ili wale, akabaki na mdogo mtu. Najua unataka kusema nini. Usiseme.

Tuongelee gauni, lile la kwenye picha ya mama niliyoagiza achorwe. Siku ya arobaini, mashangazi wote wamekaa na mimi niko kwenye video, ukasema "huyu si mama, hii nguo hajawahi kuwa nayo", ukacheka, ukaisukuma picha nyuma ya mlango pale penye ndoo. Nilisikia fremu inagonga ukuta. Sasa sikia, enzi za Mwingereza wake za matajiri wa Boston walichorwa hivyo hivyo, Copley alikuwa anachukua magauni na mikao kwenye picha za kuchapwa za Uingereza anawavika, wanawake tofauti unawakuta na gauni lile lile, na waume wakalipa wakatundika sebuleni. Mimi kumpa mama hariri ndo kosa?

Haya, labda ningesema achorwe kama Paul Revere, mfua fedha wa Boston ambaye Copley alimchora, shati tupu na birika lake mkononi (huyo huyo aliyenakili mchoro wa Henry wa mauaji ya 1770, askari wa Uingereza walipowapiga watu risasi Boston, bila kumuomba, tuyaache). Mama na karai lake la vitumbua. Ingependeza, nakubali.

Na wewe ndo ulimuogesha, ukampeleka hospitali, sijasahau, ila ada yako ilitoka wapi?

Lile kovu la mafuta. Mchoraji aliniuliza mkono upi, nikasema wa kulia. Ni wa kushoto eh? Uliliona ukanyamaza, ukasingizia gauni.

Mtoe hapo basi. Zile ndoo zinavuja.