Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Kiongozi wa Timu Asigeuzwe Mkaguzi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ndimi ninayeongoza timu ya walimu wenzangu sita. Kazi hiyo haimo kwenye ratiba. Vipindi vyangu ni vilevile kama vya wengine, na tunakutana baada ya kengele ya mwisho, watu wakiwa wamekwishashika mikoba.

Naomba nikusimulie kikao kimoja. Tulikubaliana kila mmoja alete madaftari matano yenye swali lilelile: nusu jumlisha theluthi. Mwenzetu aliyetuzidi sote kwa miaka ya kazi aliyaweka yake mezani, akayafunika kwa kiganja. Nikaanza na ya darasa langu. Daftari la kwanza, 2/5. La pili, 2/5. La tatu vilevile. Nikasema, "Wangu wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na mada hii nimeifundisha wiki mbili." Kimya. Kisha kile kiganja kikaondoka. "Hata wangu," akasema.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu mgeni kuliko wote akauliza kwa nini tusiwape watoto karatasi wakunje, waone wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Umeongeza, ukapata pungufu? Tuliliandaa somo hilo pamoja. Mmoja akalifundisha, na sisi tuliopata nafasi tukakaa nyuma, macho yetu kwa watoto, si kwa mwalimu.

Si jambo tulilolibuni sisi. Wajapani wanalo tangu karne ya 19, wanaliita jugyō kenkyū: somo huandaliwa na wengi, hufundishwa na mmoja, kisha kinachojadiliwa ni somo lenyewe. Singapore nayo, tangu 2001, ina ngazi ya kupanda cheo inayomwacha mwalimu hodari aendelee kufundisha na kulea wenzake, bila kulazimika kuhamia ofisi ya utawala ili apande.

Sasa nikueleze kilichotuvunja. Ililetwa fomu. Kiongozi wa timu ampe kila mwenzake alama, aipeleke juu. Sikuwa na la kufanya, niliijaza. Kikao kilichofuata, Mheshimiwa, madaftari yote yaliyoletwa yalikuwa ya wanafunzi bora. Hakuna kosa hata moja mezani, na hatukuwa na la kuzungumza. Yule mwenzetu wa kiganja aliketi karibu na mlango. Imani aliyonipa siku ile niliipoteza kwa karatasi moja, na sijairudisha yote mpaka leo.

Ninachokuomba ni hiki. Utoe waraka kwa shule, useme wazi kwamba kiongozi wa timu hakagui wala hatoi alama, na kwamba kinachosemwa kikaoni kibaki kikaoni. Ukaguzi una watu wake, wafanye kazi yao, na hata darasani kwangu wanakaribishwa wakati wowote. Pili, kiongozi wa timu apunguziwe vipindi, hata viwili au vitatu kwa wiki, na kikao kiwe ndani ya saa za kazi, walimu wa somo moja wakiwa huru kwa wakati mmoja. Najua kwenye shule yenye walimu wachache hili ni gumu. Huko kianze kikao kimoja kila baada ya wiki mbili. Mafunzo nayo yasisahaulike: kufundisha watoto vizuri hakumfanyi mtu ajue kuongoza watu wazima wanaoona haya kukosea mbele ya wenzao. Mimi nilijifunza kwa kuvuruga vikao vingi.

Ratiba za muhula ujao zitapangwa kabla shule hazijafunguliwa. Waraka ukifika mapema, wanaozipanga watatuwekea nafasi. Ukichelewa, tutakutana tena jioni, wale watakaobaki.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa hisabati