Yah: Kubadilishiwa Beringi Isiyo Mbovu

Meneja wa Huduma,
Gereji ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Toyota IST ya rangi ya fedha. Nilileta gari likiwa na mvumo unaoanza kwenye kilomita 50 kwa saa na kupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Mpokezi wenu aliinama, akatazama matairi, akasema yamekula upande. Nikauziwa matairi manne. Hakuna aliyelipiga gari jeki, wala aliyeliendesha hata kufika getini.

Mvumo ukabaki palepale. Kelele ya tairi hufuata barabara: kwenye lami laini hupungua, kwenye lami iliyochubuka huzidi. Huu wangu haukujali lami, ulifuata usukani. Nikikata kushoto unavuma zaidi, nikikata kulia unafifia. Gari likikata kushoto uzito hulalia magurudumu ya kulia, kwa hiyo ya kushukiwa kwanza ni beringi ya kulia, yaani kile kifaa chenye gololi kinachoshikilia gurudumu huku likizunguka. Niliporudi nilimweleza fundi wenu hayo yote, naye akayaandika kwenye jobu kadi. Halafu akafunga beringi mpya mbele kushoto! Risiti ninayo, na imeandikwa hivyo hivyo.

Nilipeleka gari kwa fundi wa mtaani kwetu, ambaye hana hata bango. Alipandisha upande wa kulia, akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta: likacheza. Akamwambia kijana wake akanyage breki, akarudia, mchezo ukapotea. Maana yake ni beringi, si bolijointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wake wa chini. Kisha akalizungusha kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kwenye springi, akaniita na mimi niguse. Springi ilikuwa inatetemeka vidoleni kama kinu kinachosaga mchanga. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko niliokaa kwenu nikisubiri kuandikiwa ankara.

Upande wa kushoto nako alinionyesha alama za nyundo. Beringi ya mbele ya gari hili huingizwa kwa presi, mashine ya kukandamiza, na nguvu inapaswa kusukuma ringi ya nje. Ukiigonga ovyo, gololi huacha vijishimo kwenye njia zake, nayo huanza kulia kabla ya wakati. Kwa hiyo nilikuja na beringi moja mbovu, nikaondoka na mbili za kutilia shaka, na nimezilipia.

Matairi siwadai, yananifaa. Ninachodai ni fedha za beringi ya kushoto pamoja na ufundi wake, na beringi zote mbili za mbele zifungwe upya kwa presi, nati za ekseli zikiwa mpya na zikikazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Beringi ya kulia nitaigharamia mwenyewe, bei ya kifaa tu. Ile ya zamani mliyoitoa kushoto, ambayo niliambiwa "imeshatupwa", naomba itafutwe. Ni mali yangu.

Kwa sasa gari nimelipaki, kwa sababu beringi iliyolegea kiasi hicho inaweza kuachia gurudumu njiani. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: nakala za risiti na jobu kadi, picha za alama za nyundo.