Kata tiketi kabla hujarudi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mguu wa mama yako unamsumbua tangu mvua zianze.

Umeandika kwamba unarudi mwezi ujao, na barua nzima hukutaja Karamu ya Mwisho, ile picha ya Leonardo da Vinci ya Yesu na mitume wake mezani. Umesoma Milano muda wote huo, na ukuta ilipochorwa uko mji huohuo unaonunulia mkate! Shahada yako nimeitangaza Songea nzima, lakini hili linanikera.

Usiniambie unaijua kwa sababu ipo sebuleni. Ya sebuleni ni karatasi. Leonardo aliichora ukutani, kwenye chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, kati ya 1495 na 1498, upana karibu mita 9. Wachoraji wenzake walipaka rangi lipu ikiwa mbichi, rangi ikakauka nayo. Yeye alitaka kufanya taratibu na kurudia, akapaka juu ya ukuta mkavu, na picha ikaanza kuharibika angali hai. Mwaka 1652 watawa wakapanua mlango chini yake, miguu ya Yesu ikaenda na kifusi. Agosti 1943 mabomu yakaangusha paa la chumba. Ukuta wa picha, uliokingwa kwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Kitu kilichopona hayo yote, wewe unakipita na baiskeli?

Kata tiketi leo, usingoje wiki ya mwisho. Wanaingiza watu wachache wachache, dakika 15, kisha mnatoka. Jumatatu wanafunga.

Ukiingia, simu ikae mfukoni kwanza. Tazama mkono wa Yuda ulioshika kifuko cha fedha. Kisha geuka: kwenye ukuta wa mkabala ipo picha ya Yesu msalabani, ya mchoraji Montorfano, ya 1495, iliyochorwa kwenye lipu mbichi. Chumba ni kimoja, miaka ni ileile, na rangi za Montorfano zimeshika kuliko za Leonardo. Nimekusomesha kwa mwiko na lipu, kwa hiyo hapo nataka unieleze vizuri: zimebanduka wapi, unyevu umepanda mpaka wapi. Kwenye karatasi ya sebuleni sioni.

Bati za jiko zimefika, bado misumari na mbao mbili. Mdogo wako anadaiwa hela ya mtihani, nimemwambia mwalimu asubiri. Kwa hiyo ukituma fedha mwezi huu usitume zote. Toa ya tiketi kwanza, halafu uniandikie umepata tarehe ngapi.

Baba yako