Ukaguzi wa nyaraka kabla ya kuomba kazi

Ndugu wahitimu, habari za jioni.

Kwa kuwa wengi wetu tuliomaliza vyuo hapa Dodoma tunaomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, nawasihi mkague viambatisho kabla ya kutuma, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, na kwamba nakala za vyeti zithibitishwe na wakili na barua ya maombi iwe na saini. Inaumiza sana mtu mwenye sifa kuenguliwa kwa karatasi tu. Ambaye jina lake la cheti cha kidato cha nne linatofautiana na la chuo amwone wakili mapema. Anayetaka nimpitishie macho nyaraka zake aniandikie faragha kabla ya Ijumaa.