Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nafasi Yetu Katika Sera ya Utalii Endelevu

Ndugu wanachama,

Mahesabu yamekwisha kukaguliwa na Mweka Hazina atayasoma baada yangu. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: rasimu ya sera ya utalii endelevu, na jinsi sisi wenye biashara za utalii tulivyoipokea.

Tuliipokea vibaya. Barua yetu ya kwanza ilijaa malalamiko kuhusu tozo, vibali na masharti ya majitaka, na ndani yake hamkuwa na kipimo hata kimoja. Niliisaini mimi, nami nawajibika kwa hilo. Katika kikao cha wadau tukaulizwa: mgeni mmoja hutumia maji kiasi gani kwa usiku mmoja? Tukabaki kutazamana. Wanavijiji walikuja na daftari la kina cha maji ya visima vyao, mwezi baada ya mwezi. Wao ndio waliosikilizwa, na ilikuwa haki yao.

Baada ya kikao kile, Kamati Tendaji ilitafuta wenzetu waliowahi kufanya vizuri zaidi. Mfano uliotugusa ni wa Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Mwaka 1991 kampuni 7 zinazopeleka watalii huko ziliunda chama chao, IAATO, wakajiwekea masharti: wageni wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, kiongozi mmoja kwa kila wageni 20, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu. Mwaka 2009 nchi za Mkataba wa Antaktika, zinazosimamia bara hilo kwa pamoja, zilipitisha masharti ya namna hiyo hiyo. Kampuni zilipokaa na serikali zilikuwa na uzoefu wa miaka mkononi. Ni kweli kule hakuna wenyeji wa kuombwa ridhaa. Sisi tunao, na hilo linatuongezea wajibu.

Upande wa pili kuna kisiwa cha Boracay, kule Ufilipino. Majitaka yaliachwa yatiririke baharini hadi Aprili 2018 serikali ikakifunga kisiwa kizima kwa watalii kwa miezi 6. Aliyekuwa na mtambo wake wa kusafisha majitaka alifungiwa sawa na asiyekuwa nao. Biashara moja safi haijikingi peke yake. Ndiyo maana nasisitiza tuzungumze kama chama.

Barua yetu ya pili ilikuwa fupi. Tulipendekeza mita za maji ziwe lazima kwa kila mwanachama, mkubwa kwa mdogo, na nyumba ndogo za wageni zipewe muda mrefu zaidi wa kurekebisha mifumo ya majitaka. Yote mawili yamekubaliwa. Ombi la kupunguziwa tozo limekataliwa, na kwa maoni yangu limekataliwa kwa haki, kwa sababu tuliliomba bila kueleza nani angelipia uchafu wetu.

Lipo jambo linaloniumiza. Wakati wa kuandika masharti, wakubwa kati yetu walipendekeza viwango ambavyo wao tayari walikuwa wamevifikia na ambavyo wadogo wasingeweza kuvigharamia. Sisemi ilikuwa kwa makusudi. Lakini chama kikitumika kuwafungia wenzetu mlango kwa jina la mazingira, tutakuwa tumeisaliti sera na wanachama kwa pamoja. Kuanzia sasa viti viwili katika kamati ya sera ni vya wenye biashara ndogo.

Baadhi yenu mmetaka tusaini Azimio la Glasgow la mwaka 2021, linalotaka gesi zinazoongeza joto duniani kutokana na utalii zipunguzwe kwa nusu ifikapo 2030. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ila anayesaini hutakiwa kutoa mpango wa utekelezaji ndani ya miezi 12, na wengi wetu hatujaanza hata kuandika matumizi ya dizeli na umeme.

Kwa hiyo naleta hoja hii ipigiwe kura leo: kila mwanachama awasilishe kwa Katibu vipimo vya maji, umeme na mafuta kila robo mwaka, na suala la kusaini lirudi mbele yenu baada ya robo ya pili.