Machweo ya bluu ya Mirihi hayajachezewa

Mhariri,

Msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba picha ya machweo ya bluu kutoka sayari ya Mirihi "imepikwa kwenye kompyuta" amenifanya nishike kalamu. Nimesafisha picha za watu hapa Ngamiani kwa miaka 31, na kuchezea rangi ndiko kulikonisomeshea watoto.

Picha iliyokosewa rangi ipo, ila siyo hiyo. Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilipotua Mirihi, picha ya kwanza ya rangi ilitolewa ikiwa na anga la bluu kama letu. Kosa hilo kila fundi wa studio analijua: jicho linavuta rangi kuelekea lilichozoea. Vipimo vilipotengenezwa upya, anga likageuka pinki iliyofifia, na waandishi wa habari wakazomea kwa utani.

Kinacholeta bluu ya machweo ni vumbi. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia 1 ya wa kwetu, kwa hiyo hewa yenyewe haiwezi kuutawanya mwanga wa bluu pande zote kama inavyofanya ya duniani. Kinachotawala kule ni vumbi laini lenye kutu ya chuma, punje ambazo mamia yakipangwa mstari ndipo yajaze milimita moja. Kutu hunyonya bluu, ndiyo maana mchana anga lina rangi ya udongo. Lakini bluu inayoponea, punje za ukubwa huo huisukuma mbele, karibu na jua lenyewe, huku nyekundu ikisambaa mbali zaidi. Jua likishuka, mwanga unapita kwenye vumbi jingi, na anayelitazama analiona limezungukwa na bluu. Ndivyo roboti Curiosity ilivyolipiga picha Aprili 15, 2015.

Mawingu ya kwetu ni habari nyingine. Matone yake ni makubwa, hutawanya rangi zote sawasawa, ndiyo maana ni meupe. Harusi za saa saba mchana nilikuwa namwambia bibi harusi asubiri wingu. Hakuna mwavuli wa studio unaolainisha kivuli cha pua kama lile, tena halitozi hela.

Kilichonikera mimi, Mhariri, ni kingine. Katika nakala niliyonunua stendi, bluu hiyo ilikuwa na ukijani. Mwambie fundi wa mtambo apunguze wino wa njano.

Mpiga picha mstaafu,
Ngamiani, Tanga