Barua kwa Baba Tumaini kuhusu figo za kijana

Tukuyu, mwezi wa saba

Baba Tumaini ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi wazima, mama watoto anakusalimu.

Jana simu ilikatika kabla sijakujibu, na sikulala vizuri. Uliniuliza kama kijana atapona. Kijana haumwi, ndugu yangu. Figo zilizoungana ni umbile alilozaliwa nalo. Wapo watu wapatao mmoja katika kila 500 wa namna hiyo, na wengi wanazeeka bila kujua. Mimi nilijua nikiwa na miaka 41.

Sikuwahi kukusimulia. Miaka mitatu nilishikwa na maumivu karibu na kitovu, mara natibiwa amiba, mara taifodi. Kwenye zahanati moja nilichomwa sindano siku saba mfululizo. Hakuna aliyewaza figo, kwa kuwa kiuno hakikuuma. Mpaka usiku mmoja nikajikuta nimepiga magoti, paji la uso kwenye saruji, jasho linanitiririka na nje ni baridi ya mwezi wa sita. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi.

Baada ya ultrasaundi, daktari bingwa alichukua kalamu akachora nyuma ya fomu: maharage mawili yameshikana kwa chini, mfano wa kiatu cha farasi. Akanieleza kwamba mtoto akiwa tumboni, figo hupanda kutoka kwenye nyonga kwenda juu. Zikishikana, lile daraja lao hukwama kwenye mshipa wa damu, zikabaki chini na zisigeuke inavyotakiwa. Mirija ya mkojo nayo inabidi ipite juu ya daraja ndipo ishuke. Hapo nikaelewa, maana wewe na mimi tumechimba mifereji ya bustani tangu utoto. Ukiacha kituta katikati, maji yatapita, ila nyuma yake mchanga unatuama. Chumvichumvi za mkojo hutuama vivyo hivyo mpaka zikawa jiwe. Kati ya watu watano wenye figo kama zetu, takriban mmoja hupata mawe. Kwa hiyo usimuulize mama yake alikula nini akiwa mjamzito, na wanaosema kijana amerogwa usiwape kiti.

Mimi nilitaka yale mawimbi yanayovunja jiwe bila kupasuliwa. Daktari akakataa. Jiwe lilikuwa na sentimita mbili na nusu. Hata likivunjika, vipande vingeshukaje kwenye njia iliyopinda vile? Nikatobolewa tundu dogo mgongoni. Nilionyeshwa vipande ndani ya kikopo, rangi ya sukari guru, kingo kali kama kokoto za barabarani, kisha vikapelekwa maabara wajue ni jiwe la aina gani.

Kijana wako hana jiwe bado, na hapo ndipo nakusihi. Makambako baridi inadanganya: mtu hasikii kiu, anashinda na kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni. Anywe maji hata bila kiu, mpaka mkojo uwe mweupe. Mimi daktari aliniambia nihakikishe natoa mkojo usiopungua lita mbili na nusu kwa siku, na nilipima kwa dumu wiki nzima. Chumvi mpunguzieni. Maziwa msimnyime, wengi wanadhani ndiyo yanayoleta mawe, kumbe kwenye chakula yanasaidia kuzuia.

Kuhusu mpira, muulize daktari kabla hujamkataza. Figo zake zimelala mbele ya uti wa mgongo, hazina mbavu za kuzikinga. Akipigwa teke la tumbo na mkojo ukawa mwekundu, hospitali siku hiyohiyo. Na akishikwa na maumivu pamoja na homa na kutetemeka, usingoje kuche, kodi gari usiku huohuo. Jiwe likiziba njia na ndani kuna maambukizi, figo inaweza kuharibika na uhai ukawa hatarini.

Likizo ya Desemba njoo naye. Ile fomu yenye mchoro bado ninayo, nimeikunja ndani ya Biblia. Nataka aishike mwenyewe, kisha nimwonyeshe kovu langu. Halizidi kucha ya kidole gumba.

Ndugu yako wa Tukuyu